Zawadi ya Mheshimiwa, Ngozi ya Mdogo Wangu

Kwa wewe uliyenikuta katikati ya safari hii, nikupe yaliyopita kwa pumzi moja.

Mimi ni karani katika ofisi ya maadili ya bunge. Kwa miaka kumi na moja nimekaa na daftari la zawadi. Mbunge akipewa kitu chenye thamani kupita kalamu na shajara, anatakiwa aje kwangu akiandikishe. Lakini akipewa na mshawishi, yaani mtu aliyeajiriwa na kampuni kuwazungukia wabunge ili sheria ziende inavyotaka kampuni, hapo hakuna cha kuandikisha. Anakirudisha. Hata kiwe chakula cha mchana. Hata iwe chai.

Kwenye korido wananiita Mama Kalamu. Wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli.

Mdogo wangu wa kike, tumbo moja na mimi, aliunguzwa na mtungi wa gesi miezi kumi na minne iliyopita. Valvu ilikuwa mbovu. Mheshimiwa mmoja, mwenyekiti wa kamati ya nishati, alifika wodini, akamwangalia, akalia mbele ya kamera, akaahidi sheria ya kuondoa mitungi mibovu yote sokoni. Sheria ikaandikwa. Mwezi uliopita, kabla haijapigiwa kura, Mheshimiwa huyohuyo akaigeuza: kampuni zipewe miaka kumi ya kuibadilisha mitungi yao.

Miaka kumi ya watu kuungua.

Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi dereva wake aliyefukuzwa kazi alivyoniletea bahasha. Ndani mlikuwa na stakabadhi za ukumbi wa harusi ya binti wa Mheshimiwa, friji ya milango miwili, na safari ya mapumziko ya familia nzima, vyote vimelipiwa na kampuni ya mitungi. Nikafungua jalada. Kikao cha Kamati ya Maadili kikapangwa Alhamisi. Nikaishia pale mshawishi wa kampuni hiyo alipoingia ofisini kwangu Jumatatu asubuhi, akafunga mlango nyuma yake, akaweka karatasi mezani.

Chini ya karatasi ile palikuwa na sahihi ya mama yangu.

*

Mtu huyu bungeni tunamwita Usijali. Ndiyo salamu yake, ndilo jibu lake, na ndiyo kwaheri yake. Ana sauti laini ya mtu anayekupa pole msibani, na viatu vyake havitoi mlio.

"Soma yote, dada," akasema, akavuta kiti bila kukaribishwa. "Usijali, sina haraka."

Nikasoma. Ulikuwa mkataba. Kampuni ingegharimia matibabu yote ya mdogo wangu: chumba cha peke yake, upasuaji wa kupandikizwa ngozi, dawa mpaka atakapopona. Kwa upande wao, mgonjwa na familia yake wasingezungumza na mtu yeyote juu ya chanzo cha moto. Wakizungumza, matibabu yanakoma siku hiyohiyo.

Tarehe ilikuwa ya wiki ya pili baada ya ajali.

"Mama aliniambia ni mfuko wa hisani wa hospitali," nikasema.

"Mama ni mama. Hakutaka kukutia wasiwasi."

"Mama yangu usimtaje."

"Samahani." Akakunja mikono juu ya paja. "Nimtaje nani basi? Nitaje kanuni? Kanuni ya kumi na nne, uliifundisha wewe mwenyewe kwenye semina, na mimi nilikaa mstari wa mbele. Mtumishi wa ofisi ya maadili, wazazi wake na ndugu zake wanaoishi chini ya paa lake, wasipokee chochote kutoka kwa mshawishi. Mama anaishi kwako. Mdogo wako anaishi kwako. Nimekosea?"

Hakukosea.

"Unataka nini?"

"Mimi? Sitaki kitu. Mafaili yanapotea kila siku katika majengo ya serikali, dada. Panya. Mvua. Kuhama ofisi." Akasimama, akanyoosha koti. "Ijumaa sheria inapigiwa kura. Tarehe ishirini mdogo wako anafanyiwa upasuaji wa shingo, na daktari bingwa ameshaandaliwa. Mambo haya mawili yakienda vizuri, kila mtu atakuwa na furaha. Usijali."

Akatoka. Mkataba akauacha mezani. Alikuwa na nakala nyingine, bila shaka.

Niwaeleze kuhusu hiyo shingo. Kovu limeishika na kuivuta mpaka kidevu kinakaribia kifua. Akitaka kukuona usoni ukiwa umesimama, inabidi auvute mgongo mzima nyuma. Kwa hiyo nyumbani tumejifunza kukaa chini tunapozungumza naye, hata wageni, hata fundi wa bomba.

Na sasa nikiri, maana ndicho nilichowaahidi tangu wiki ya kwanza.

Nilijua.

Sikujua mkataba. Sahihi ya mama sikuijua. Lakini kile chumba cha hospitali kilikuwa na mapazia ya maua na kiti cha kuegemea, na muuguzi aliyeniita "madam". Mimi ni mtu wa zawadi. Kazi yangu ni kutazama kitu na kuuliza: hiki kimetoka wapi, na kwa nini? Nimewauliza mawaziri. Nimewauliza watu wanaoweza kunifukuza kazi kwa simu moja. Kwenye chumba kile sikuuliza. Nilikaa kwenye kiti cha kuegemea, nikamshukuru Mungu, nikala machungwa ya mgonjwa.

Hicho ndicho kilichonikera zaidi Jumatatu ile. Usijali alinishika, ndiyo, lakini alinishika pale nilipokuwa nimefumba macho kwa hiari yangu.

*

Nilifika nyumbani saa nane mchana, saa ambayo sijawahi kufika. Mama alikuwa uani anaanua nguo.

"Umefukuzwa kazi?" akauliza.

"Bado. Mama, nani alilipa hospitali?"

Akaendelea kukunja shuka. "Nilishakwambia."

"Niambie tena."

"Hisani."

"Hisani ya nani?"

Pembe za shuka zikakataa kukutana. Akajaribu mara mbili, mara tatu, mwisho akaliviringisha tu na kulitupa kwenye beseni.

"Ulitaka nifanyeje?" akasema. "Daktari aliniita pembeni akaniambia dawa za serikali zimeisha, kidonda kimeanza kuoza. Nikakutafuta. Ulikuwa wapi? Ulikuwa unaandika barua. Barua wizarani, barua kwa kampuni, barua magazetini. Mwanangu ananuka moto, na wewe unaandika barua."

"Ungeniambia, mama."

"Ningekwambia ungekataa."

Nikaliokota shuka, nikaanza kulikunja upya.

"Unaona," akasema mama. "Wewe una kanuni. Mimi nilikuwa na mtoto anakufa."

Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa nimetoka ofisini na hasira nimeishika kwa mikono miwili kama sufuria la moto, nimtwishe mtu yeyote. Lakini mama yangu ana miaka sabini na mbili, na ule mkono uliosaini nilishauona ukimlisha mdogo wangu uji kwa mrija miezi mitatu mfululizo. Hasira ikakosa mahali pa kutua.

"Nani alimleta yule mtu kwako?" nikauliza.

"Mheshimiwa."

"Mheshimiwa gani?"

"Wako huyohuyo. Siku ileile aliyolia. Watu wa kamera walipoondoka, akarudi peke yake, akanishika mkono, akaniambia, mama, kuna kijana ana moyo mzuri, yuko hapo nje, msikilize. Mimi nikadhani ni malaika nimeletewa."

Hapo hasira ikapata makao.

Machozi yalikuwa hayajamkauka shavuni, na mkataba umesimama koridoni unasubiri. Alimlilia mdogo wangu kwa jicho moja, na kwa jicho la pili akamkonyeza mwenye kampuni. Halafu kwa miezi kumi na minne akawa anapita mlangoni kwangu, ananiuliza, "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Mgonjwa wetu. Na mimi nasimama, najibu, "Anaendelea vizuri, Mheshimiwa, ahsante kwa kutujali."

"Nimesikia."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlango wa nyuma. Sijui alikuwa pale tangu lini. Mimi na mama, kama tulivyozoea, tukashuka chini, tukakaa kwenye mkeka ili atuone.

"Mimi sikuulizwa," akasema. "Nilikuwa kwenye dawa za usingizi. Nimelala mtu, nimeamka bidhaa."

"Usiseme hivyo, mwanangu," mama akasema.

"Nisemeje? Gazeti lilikuja hapa mara mbili, ukawafukuza. Ukaniambia ni kwa sababu ya sura yangu, nisionekane. Kumbe niliuzwa nikae kimya."

Mama akajifunika uso kwa kanga. Mdogo wangu akakaa karibu yangu, bega kwa bega.

"Dada, wangapi wameungua tangu mimi?"

Nilikuwa na orodha. Nilikuwa nimeikusanya mwenyewe kutoka hospitali nane.

"Ishirini na tatu."

"Wangapi wamekufa?"

"Saba."

Kisha akasema, "Kajiandike."

"Halafu shingo yako?"

"Shingo yangu nimeshaizoea. Kajiandike kwenye hilo daftari lako, halafu umwandike na huyo Mheshimiwa. Asije mtu akasema Mama Kalamu huandika wenzake tu."

Nilimkumbatia kwa uangalifu, upande usiouma. Mama akainuka, akachukua beseni lake, akaingia ndani. Hakunisemesha tena mpaka Alhamisi.

*

Jumanne asubuhi nilimkuta bosi wangu, Msajili wa Maadili, anamwagilia ua lake dirishani. Ni mzee mpole, amebakiza miezi minne astaafu, na kila mwezi ukiisha anauchorea alama ya mkasi kwenye kalenda.

Nikamweleza yote. Hakunikatiza. Akamwagilia mpaka maji yakafurika kwenye sahani na kumwagika sakafuni.

"Usijiandike," akasema mwishowe.

"Kanuni inasema nijiandike."

"Kanuni nimeitunga mimi, najua inachosema. Nakuambia usijiandike. Ukijiandika umejikaanga mwenyewe. Watakusimamisha kazi, na huyo Mheshimiwa atatoka anacheka."

"Nisipojiandika, Usijali ananifuga. Leo atataka jalada hili, kesho jingine. Nitamaliza kazi hapa nikiwa mbwa wake."

"Kuna mbwa wengi wanaolala pazuri," akasema Msajili, na nikaona anajisikia vibaya kwa kulisema.

Nikafungua daftari. Nimeandika majina mengi humo, kwa mwandiko wangu huu wa shule ya misheni, herufi zimesimama wima. Sijawahi kuandika la kwangu. Mpokeaji: mimi. Mtoaji: kampuni ya mitungi, kwa mkono wa mshawishi wake. Zawadi: matibabu ya mdogo wangu. Aliyemleta mshawishi: nikamwandika Mheshimiwa kwa jina lake lote.

Ikabaki safu ya mwisho, sababu ya zawadi. Nikaandika: "Kuninunua bila mimi kujua."

Msajili akachungulia begani kwangu. "Hiyo si lugha ya kiofisi."

"Niandike nini, urafiki?"

Akavuta pumzi ndefu. Akafungua droo, akatoa muhuri wa ofisi, akaupulizia. Akaugonga, tarehe na saa, mahali panapotakiwa. Hilo sitamsahaulia, pamoja na yote yaliyofuata.

*

Jumatano Mheshimiwa alinikuta kwenye lifti. Tulikuwa sisi wawili tu. Akabonyeza ghorofa ya sita, mimi nilikuwa nakwenda ya pili, na lifti ya bunge letu ina mwendo wa mtu anayetoka hospitali.

"Nasikia umejiandika," akasema.

"Habari zinatembea."

"Kwa nini ujifanyie hivyo? Wewe ni mtu mzuri. Mama yako ni mtu mzuri. Nilichofanya ni kuwakutanisha watu wenye shida na watu wenye uwezo. Ndiyo kazi ya mbunge hiyo."

"Na ukumbi wa harusi? Hapo mwenye shida alikuwa nani?"

Akacheka kidogo. Ana cheko zuri, nakubali. Ndilo lililompa kura.

"Kuchangiana harusi ni utu. Leo wananichangia, kesho nawachangia. Hizi kanuni zenu zinataka tuishi kama mawe."

"Kampuni ilikuchangia harusi wiki tatu kabla hujabadilisha sheria."

"Wiki ni wiki tu."

Lifti ikapita ghorofa ya kwanza. Nilikuwa nimejiapiza nisiseme neno, niache kikao kiseme. Nikashindwa.

"Ulilia," nikamwambia. "Ulisimama juu ya mdogo wangu ukalia. Nilikupa kitambaa changu."

Kwa mara ya kwanza uso wake ukabadilika. Sitasema aliona haya. Alionekana kama mtu aliyesingiziwa.

"Nililia kweli," akasema. "Usidhani niliigiza. Nilimwonea huruma kweli."

Mlango ukafunguka. Nikatoka. Na nawaambia, jibu lile lilinichoma kuliko yote. Kama angekuwa ameigiza, ningemwelewa. Kumbe alilia kweli, akajifuta, kisha akaenda kumwita Usijali.

*

Alhamisi, saa nne asubuhi, ukumbi namba tatu. Meza ya nusu duara, wabunge saba, chupa za maji, maikrofoni zinazokwaruza. Anayeongoza Kamati ya Maadili ni mbunge mwanamke aliyewahi kuwa jaji, na mpaka leo tunamwita Jaji. Haongei sana. Akivua miwani, watu wanakaa sawa.

Kwa kuwa nilikuwa nimejiandika, Msajili alimweka karani mwingine kwenye kiti changu cha kumbukumbu, binti mwenye mwaka mmoja kazini niliyemfundisha mimi mwenyewe. Mimi nikakaa kwenye kiti cha shahidi. Toka pale ukumbi unaonekana mkubwa zaidi.

Waandishi wa habari walijaa nyuma. Mheshimiwa alikaa kulia na wakili wake. Usijali alikaa mstari wa pili, ukutani, amekunja mikono juu ya paja.

Nikasoma jalada. Ukumbi. Friji. Safari. Kila kimoja na stakabadhi yake, na kila stakabadhi ina jina la kampuni. Nikasoma tarehe sheria ilipobadilishwa. Nikasoma orodha ya walioungua. Wakili akasema orodha hiyo haihusiani na zawadi. Jaji akavua miwani, akamtazama, akaivaa tena.

"Endelea, karani."

Nikamaliza. Wakili akasimama.

"Mama Mwenyekiti, tuna swali moja dogo. Je, shahidi huyu mwenye mikono misafi hajawahi kupokea chochote kutoka kampuni hiyohiyo?"

Nilikuwa nalisubiri swali hilo tangu Jumatatu.

"Nimepokea," nikasema. "Familia yangu ilipokea bila mimi kujua. Nilipojua, nikajiandika siku iliyofuata. Liko kwenye daftari, muhuri wa Jumanne, saa tatu na dakika kumi. Safu ya nne imeandikwa nani alimleta mshawishi kwa mama yangu."

Minong'ono ikapanda nyuma. Jaji akaomba daftari. Akasoma polepole, kidole kinafuata mstari. Alipofika safu ya mwisho, nikaona mdomo wake umegusa tabasamu, kidogo tu.

"Katika miaka yangu mahakamani na hapa," akasema, "sijaona karani amejishtaki mwenyewe ili ashtaki mwingine." Akamgeukia Mheshimiwa. "Mheshimiwa, ni wewe uliyempeleka mshawishi wodini?"

Mheshimiwa akamtazama wakili wake. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilitamani mama awepo aone. Kwa mara ya kwanza tangu moto ule nilihisi kitu kifuani kimelegea, nikavuta pumzi mpaka chini.

Wakili hakuwa amekaa.

"Kabla mteja wangu hajajibu, tuna shahidi," akasema. "Tulipeleka jina lake kwa Msajili jana jioni, kama kanuni inavyotaka."

Nikamtazama Msajili. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Aingie," akasema Jaji.

Mlango wa pembeni ukafunguliwa. Askari wa bunge akaushikilia, na mdogo wangu akaingia.

Alikuwa amevaa gauni lake la bluu. Muuguzi alimshika kiwiko. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa na ule utepe wa plastiki wa hospitali, wa mgonjwa aliyelazwa, mpya, hata haujakunjamana. Nilipoondoka nyumbani saa moja asubuhi nilimwacha amelala. Upasuaji ulikuwa wa tarehe ishirini. Leo ilikuwa tarehe sita.

Nikaelewa. Wamekuja baada ya mimi kutoka. Wamemlaza. Sikujua walimwambia nini, wala mama alisema nini walipobisha hodi. Usijali alikuwa vilevile ukutani, mikono juu ya paja, kama mtu anayesubiri basi.

Nikainuka. "Mama Mwenyekiti, huyu ni mgonjwa, amelazwa leo na hao hao anaotakiwa kuwatolea ushahidi—"

"Keti, karani," akasema Jaji. "Utapewa nafasi."

Nikaketi. Wakaniwekea mdogo wangu upande wa pili wa ukumbi, mkono wa kulia, meza moja na Mheshimiwa. Wakamshushia maikrofoni. Akaapa. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka.

"Dada," wakili akamwambia, kwa upole wa kununuliwa dukani, "tunakupa pole kwa yaliyokupata. Nitakuuliza mambo mawili tu, upumzike. Kati ya familia yako na kampuni, nani alimtafuta mwenzake kwanza?"

"Sisi ndio tuliotafuta."

"Si Mheshimiwa aliyewakutanisha?"

"Hapana."

Nyuma yangu kalamu za waandishi zikaanza kukimbia. Nilimtazama. Nilimtazama kwa nguvu zangu zote, mdogo wangu niliyembeba mgongoni, niliyemfundisha kusoma kwa vichwa vya magazeti ya zamani. Hakugeuka upande wangu.

"Na katika familia," akauliza wakili, "ni nani hasa aliyekwenda kuomba?"

Jaji akavua miwani.

Mdogo wangu akainua mkono wake wenye utepe, akaunyoosha kuvuka ukumbi mzima, kidole kikanifika mimi.

"Ni dada yangu," akasema. "Alikwenda mwenyewe kuomba, akaniambia nisimwambie mama kuwa ni yeye aliyeomba."

Na yule binti niliyemfundisha kazi, aliyekaa kwenye kiti changu, akainama juu ya karatasi, akaandika.